Shahada ya uchumi siasa: mwanafunzi anasoma nini hasa?

Serikali inapotangaza kwamba itaondoa ruzuku ya mafuta, mabishano huanza papo hapo, na mara nyingi wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Mmoja anasema ruzuku inakausha hazina na inawanufaisha zaidi wenye magari makubwa, kwa hiyo iondoke. Mwingine anajibu kwamba mafuta yakipanda nauli inapanda, kila kinachosafirishwa kinapanda, na anayeumia ni yule asiye na gari kabisa. Wa tatu hataki hata kusikia hesabu. Anataka kujua kwa nini kila mara ni mwananchi anayeambiwa afunge mkanda. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, na pale wanapokwama ndipo uchumi siasa unapoanzia.

Jina la somo hili huwachanganya watu. Mwombaji wa chuo akiliona kwenye orodha ya kozi hudhani ni mafunzo ya kuwa mwanasiasa, au ni uchumi uliopunguzwa hesabu, au ni darasa la kuhubiri ujamaa. Mzazi naye ana swali moja tu: utaajiriwa wapi? Hayo yote nitayafikia, lakini tuanze na maana.

Uchumi, kama unavyofundishwa darasani, unachunguza jinsi watu, kampuni na serikali zinavyochagua wakati rasilimali hazitoshi: kizalishwe nini, kiuzwe bei gani, na bei ikibadilika nani atabadili mwenendo wake. Sayansi ya siasa inachunguza mamlaka: yako kwa nani, ameyapataje, na nini kinamzuia asiyatumie apendavyo. Uchumi siasa unachunguza jinsi mambo hayo mawili yanavyotengenezana. Mwenye mamlaka huamua mali iende kwa nani, na mwenye mali hupata nguvu ya kuamua nani awe na mamlaka. Ukikata uzi huo katikati ili usome upande mmoja tu, kuna maswali ambayo hayatajibika kamwe.

Fikiria familia kubwa inayoishi kwa mfuko mmoja. Unaweza kukaa na daftari ukapanga matumizi yakakaa sawa kabisa: ada kiasi hiki, kodi ya nyumba kiasi hiki, akiba kiasi hiki. Daftari halitakuambia nani anashika huo mfuko, nani haulizwi kabla ya pesa kutoka, na kwa nini yule kijana anayechangia zaidi akitishia kuhama, maoni yake ghafla yanasikilizwa. Mchumi Albert Hirschman aliliweka jambo hili kwenye nadharia mwaka 1970. Kwa maelezo yake, anayekerwa na kampuni, chama au nchi ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti, na uaminifu wake ndio unaoamua atavumilia mpaka lini. Mwenye fedha benki anaweza kuzihamishia nchi nyingine kwa mchana mmoja, ila mwenye shamba hawezi kulibeba mgongoni. Basi usishangae serikali inapozungumza na hao wawili kwa sauti tofauti.

Turudi kwenye mafuta, maana yana mfano mzuri kuliko yote ninayoijua.

Desemba 2010 Iran ilipandisha bei za nishati kwa kishindo. Petroli ya mgawo, yaani ile iliyouzwa kwa kiasi maalumu kwa kila gari, ilipanda mara nne. Ila kabla ya siku hiyo serikali ilikuwa imeshaingiza fedha kwenye akaunti za benki za kaya nyingi sana. Watu waliziona kwenye akaunti, lakini hawakuweza kuzitoa mpaka siku ile bei zilipopanda. Kwa kiasi kikubwa mitaa ilibaki tulivu. Novemba 2019 nchi hiyohiyo ilipandisha petroli usiku, bila onyo, ikaahidi kwamba wananchi watalipwa baadaye. Maandamano yalisambaa miji mingi, yakazimwa kwa risasi, watu wengi wakauawa na intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa. Mwezi uliotangulia, serikali ya Ecuador nayo ilikuwa imefuta amri yake ya kuondoa ruzuku ya mafuta baada ya maandamano yasiyofika hata wiki mbili.

Kwenye karatasi, sera ya Iran ya 2010 na ya 2019 zinafanana: bei ipande, sehemu ya fedha irudi kwa wananchi. Tofauti inayoonekana haraka ni mpangilio. Mara ya kwanza pesa zilitangulia, bei ikafuata. Mara ya pili bei ilitangulia, ikafuata ahadi.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huishia hapo na kuandika kwamba malipo ya mapema ndiyo yaliyoleta utulivu. Wa mwaka wa tatu anaulizwa: umejuaje? Kati ya 2010 na 2019 mfumuko wa bei ulikuwa umezila zile fedha za mwanzo, vikwazo vya Marekani vilikuwa vimerudi mwaka 2018, na imani kwa serikali ilikuwa imepungua. Pengine hata malipo ya mapema yasingetuliza mtu mara ya pili. Pengine utulivu wa 2010 ulitokana pia na askari waliokuwa mitaani. Kutenganisha sababu zilizofungamana hivi ndiko kunakokula miaka mingi ya shahada hii. Asiyependa kutenganisha huko atachoka mapema.

Kongwe kuliko "uchumi" wenyewe

Wengi wanadhani uchumi ndio mzazi na uchumi siasa ni mtoto aliyezaliwa juzi kwa kuchanganya masomo mawili. Ni kinyume chake. Mfaransa Antoine de Montchrestien aliliweka jina la uchumi siasa kwenye jalada la kitabu chake mwaka 1615. Adam Smith, ambaye leo picha yake hutundikwa kwenye idara za uchumi, hakuwahi kufundisha katika idara ya namna hiyo kwa sababu haikuwepo. Pale Glasgow alikuwa profesa wa falsafa ya maadili. Thomas Malthus alifundisha historia na uchumi siasa katika chuo cha East India Company tangu 1805.

Malthus na rafiki yake David Ricardo ndio wanaotuonyesha somo hili lilivyokuwa likifanya kazi. Mwaka 1815 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ngano ya nje isiuzwe nchini mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo cha kota. Ricardo aliipinga. Hoja yake ni kwamba nafaka ikiwa ghali, mashamba mabovu zaidi yanalimwa, kodi ya ardhi inapanda, mishahara inabidi ipande ili wafanyakazi waweze kula, na faida ya mwenye kiwanda inabanwa. Anayebaki akicheka ni mwenye ardhi. Malthus aliitetea sheria ile. Waliandikiana barua kwa miaka mingi, hawakukubaliana, na urafiki haukuvunjika. Isitoshe, Ricardo mwenyewe alikuwa amenunua shamba kubwa, kwa hiyo alikuwa akibishana dhidi ya mfuko wake.

Sasa swali: kama hoja ilikuwa wazi hivyo tangu 1815, kwa nini sheria ilifutwa 1846, miaka 31 baadaye?

Swali hili ni la kawaida sana kwenye insha za shahada ya kwanza, na lina angalau majibu matatu. La kwanza ni maslahi. Bunge lilijaa wenye ardhi, na kuna sababu nyingine iliyojificha, ambayo mchumi Mancur Olson aliieleza mwaka 1965: wanaofaidika na sheria ya namna hii ni wachache na kila mmoja anapata kingi, hivyo hujipanga haraka. Wanaoumia ni mamilioni, kila mmoja anapoteza kidogo, na kila mmoja anategea akingoja mwenzake ndiye ajitokeze. La pili ni taasisi. Mageuzi ya 1832 yaliipa miji ya viwanda kama Manchester viti vya bunge ambavyo haikuwa navyo, na ni Manchester hiyo iliyokuja kuwa ngome ya harakati za kuifuta sheria. La tatu ni fikra na matukio: hoja za soko huria zilikuwa zimeshaenea, kisha mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ukaingia Ireland na njaa ikaanza. Waziri mkuu Robert Peel aligeuka, wengi wa wabunge wa chama chake wakampinga, na sheria ikafutwa kwa msaada wa kura za upinzani. Ndani ya siku chache alikuwa ameachia madaraka.

Je, Peel alishawishiwa na hoja, na njaa, au na hesabu za kura? Watafiti wamechambua kura za wabunge wale jimbo kwa jimbo na bado mjadala haujafungwa. Mimi huona jibu la maslahi peke yake halitoshi, kwa sababu mtu anayefuata maslahi tu hakivunji chama chake mwenyewe. Mwalimu wako anaweza kuona tofauti, na insha yako itapata alama kwa kujenga hoja vizuri, si kwa kukubaliana naye.

Utengano ulikuja baadaye. Mchumi wa Cambridge, Alfred Marshall, alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1890, akalipendelea jina fupi la uchumi, na mwaka 1903 Cambridge ikaanzisha shahada ya uchumi inayojitegemea. Maswali ya mamlaka yakasukumwa kwa majirani wa sayansi ya siasa na historia, na uchumi ukaendelea kujijenga kwa hisabati. Ulifaidika sana na hatua hiyo, tusiudharau. Lakini Novemba 2008, katikati ya msukosuko wa fedha, Malkia Elizabeth II alipotembelea London School of Economics aliuliza kwa nini hakuna aliyeuona ukija. Katika miaka iliyofuata wanafunzi wa vyuo mbalimbali walidai mtaala wa uchumi urudishe historia, taasisi na mamlaka darasani. Madai hayo hayakuwa mapya: katika University of Sydney vita vya kupata na kulinda kozi za uchumi siasa vilianza miaka ya 1970, na miongoni mwa wanafunzi waliozipigania miaka ya 1980 ni Anthony Albanese, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Australia.

Jina moja, shahada mbili

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko wote, na vyuo vyenyewe havisaidii kuuondoa.

Chini ya jina hilihili utakuta shahada za aina mbili. Aina ya kwanza ni ya kihistoria. Utasoma Smith, Ricardo, Marx, Keynes na Polanyi, utafuatilia jinsi ubepari ulivyotofautiana kati ya Ujerumani, Japani na Marekani, na utaandika insha ndefu. Humo ndimo utakutana na hoja ya mchumi wa Argentina Raúl Prebisch, aliyesema kufikia 1950 kwamba nchi zinazouza malighafi hupoteza kadiri bei za malighafi zinavyoshuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani, na ya mwanahistoria Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, kuhusu jinsi utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika ulivyojengwa pamoja.

Aina ya pili inatumia vifaa vya mchumi kuchunguza siasa. Humo mwanasiasa anachukuliwa kama mtu anayetafuta kura kama mfanyabiashara anavyotafuta wateja, na mpiga kura kama mtu anayepima faida na gharama. Utajifunza nadharia ya michezo, ambayo huchunguza uamuzi wa mtu pale matokeo yake yanategemea wengine wataamua nini. Utajifunza kwa nini vyama viwili vikigombea uchaguzi mmoja huwa na tabia ya kusogea kumwelekea mpiga kura wa katikati, hoja iliyoenezwa na Anthony Downs mwaka 1957, na utatumia muda mwingi kwenye kompyuta ukichakata takwimu.

Mtu anaweza kupenda moja na kuteseka kwenye nyingine. Jina la shahada halitakuambia ni ipi. Orodha ya masomo ya lazima itakuambia. Ukiona muhula mzima wa historia ya fikra za uchumi na hakuna takwimu baada ya mwaka wa kwanza, uko kwenye aina ya kwanza. Ukiona ekonometriki, yaani takwimu za kupima uhusiano kati ya mambo ya kiuchumi, ikiwa ya lazima mwaka wa pili, uko kwenye ya pili. Zipo zinazochanganya zote mbili kwa ustadi. Zipo pia, na hizi ziogope, zinazookota masomo sita ya idara ya uchumi na sita ya idara ya siasa, zikaviita vyote uchumi siasa bila darasa hata moja la kuviunganisha. Kazi ya kuunganisha unaachiwa wewe.

Usiichanganye pia na shahada ya falsafa, siasa na uchumi iliyoanzishwa Oxford mwaka 1920 na kuigwa na vyuo vingi. Ile inayaweka masomo matatu ubavuni mwa mwenzake, na mwanafunzi huchagua pa kukazania. Uchumi siasa unatakiwa uwe somo moja.

Yanayosemwa, na ukweli wake

Wanaosema ni somo la Marx wanasahau kwamba kichwa kidogo cha kitabu chake cha 1867 kinajitambulisha kuwa ni ukosoaji wa uchumi siasa. Alikuwa akilishambulia somo kama alivyolikuta. Kweli kwenye kozi nyingi utamsoma, na kuna idara ambazo ndiye nguzo yake. Lakini humohumo anasomwa James Buchanan, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1986, ambaye aliwachukulia wanasiasa kuwa watu wanaofuata maslahi yao kama mtu mwingine yeyote na akataka serikali ifungwe kamba za katiba. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo hiyo, mwaka 2009, alikuwa amesomea sayansi ya siasa. Alionyesha kwamba watu wanaotumia msitu, maji au eneo la uvuvi kwa pamoja mara nyingi huweza kujitungia kanuni na kuzisimamia, bila kungoja serikali wala kugawana vipande vya umiliki binafsi. Watatu hao huwezi kuwaweka kwenye chama kimoja.

Hisabati je? Inategemea aina, kama nilivyoeleza, lakini anayekuja kwa sababu anaikimbia atakutana nayo mlangoni. Karibu kila mtaala una uchumi wa msingi wenye grafu na milinganyo midogo, na takwimu za kutosha kusoma jedwali la matokeo bila kudanganywa. Kinachowaangusha wengi zaidi, kwa ninavyoona, ni kusoma. Kurasa mia kwa wiki si jambo la ajabu, na nusu yake ziliandikwa na watu waliokuwa wakibishana na watu usiowajua bado.

Kuhusu kuwa mwanasiasa: hakuna somo la kuhutubia wala la kuomba kura. Wahitimu huenda kwenye wizara za fedha na mipango, benki kuu, mashirika ya kimataifa, magazeti, taasisi za utafiti, vyama vya wafanyakazi, na kampuni zinazohitaji mtu wa kuwaambia sheria inayojadiliwa bungeni itawagusaje. Mzazi anayeuliza kuhusu ajira ajibiwe ukweli wote: hii si shahada inayokupa leseni ya taaluma kama udaktari au uhasibu. Hakuna mlango ulioandikwa jina lako. Mwenye shahada hii aliyekwepa takwimu atapata shida zaidi kuliko aliyezikabili, na anayetaka kuwa mchumi wa utafiti atahitaji hisabati ya ziada kabla ya shahada ya uzamili, jambo ambalo afadhali alijue mwaka wa kwanza kuliko wa mwisho.

Programu nyingi humalizia kwa tasnifu, na humo ndimo utaona kama mtu ameshika alichofundishwa. Mwanafunzi humwendea msimamizi wake na mada kama "rushwa na maendeleo". Anarudishwa. Anakuja na "kwa nini ruzuku za mafuta ni ngumu kuondoa". Anarudishwa tena, kwa sababu nyingine zimeondolewa. Safari ya tatu analeta kitu cha kushikika: nchi mbili zilizotegemea mafuta ya kuagiza kwa kiwango kinachokaribiana, moja ikafaulu kuondoa ruzuku na nyingine ikarudi nyuma, na anataka kujua kama tofauti iko kwenye nguvu za vyama vya wasafirishaji au kwenye ukaribu wa uchaguzi. Hapo msimamizi anauliza orodha ya vyama vya wasafirishaji ameitoa wapi, na kazi inaanza.